Mwalimu wa Baiolojia na Maji Yake

Nikimkumbuka, kinachonijia kwanza ni mate. Alikuwa na mazoea ya kulamba kidole gumba kabla ya kufunua ukurasa, na hakukilamba kwa ncha ya ulimi kama watu wengine. Alikiingiza chote kinywani, akakinyonya, akakitoa kinang'aa, kisha kidole kile kile kikatua juu ya daftari lako. Tulirudishiwa madaftari yenye pembe zilizolowa na kukauka zikajikunja, na sisi wasichana wa dawati la mbele tuliyapokea kwa kucha.

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sitajishughulisha. Watu wa kwetu milimani wakitaka kumsamehe mtu huanzia kwa babu yake, wakateremka na ukoo mzima mpaka wafike kwenye kosa, na wakifika wameshachoka, wanaliacha. Mimi nitamweleza nilivyomwona, na nilimwona kwa miaka mingi: kwanza darasani, baadaye sokoni Lushoto, na mwisho barabarani Mombo.

Alikuwa mrefu, mwembamba, wa sweta moja la kahawia ambalo msimu wa baridi halikumtoka mwilini hata liloweje kwa ukungu. Lilinuka kondoo. Akikuelekeza jambo aliinama mpaka uso wake ukakaribia wako, na pumzi yake ilikuwa ya kitunguu saumu, kwa sababu alitafuna punje mbichi kila asubuhi akisema inaamsha tumbo. Hakujua, au hakujali, kwamba watu hurudi nyuma. Wewe ukirudi, yeye anasogea. Nimemwona akimsogelea mwalimu mwenzake hivyo hivyo kutoka mlango wa ofisi mpaka ukutani.

Lakini alijua kufundisha. Sijakutana na mwingine aliyejua kama yeye, wala chuoni nilikosomea uuguzi, na ndiyo maana hasira yangu haiishi. Angekuwa mjinga ningemwonea huruma, nikapita.

Siku aliyotufundisha habari za tindikali katika damu hakuandika chochote ubaoni. Alisimama mbele akasema, "Zibeni pua, fungeni midomo. Msipumue mpaka niwaambie."

Tukaziba. Akawa anatembea kati ya madawati akitutazama nyuso, ametulia kama mtu anayekagua shamba lake. Mmoja akaachia, kisha wa pili, kisha darasa zima likapumua kwa pamoja kama ng'ombe zizini.

"Sikuwaambia mpumue," alisema. "Nani kawaamuru?"

"Hewa imekwisha, Mwalimu," mmoja alijibu.

"Haijakwisha. Damu yako bado ina oksijeni ya kukutosha. Kilichokushinda ni hewa chafu. Mwili unaitengeneza kila dakika, hata ukilala, na hewa hiyo ikikaa kwenye damu inageuka tindikali. Ubongo ukiionja tu unakutukana: pumua, mpumbavu wewe!"

Tukacheka. Akaendelea kwa Kiswahili, ingawa sheria ya shule ilikuwa Kiingereza, na kila mara akidondosha neno la Kishambaa ili wale wa nyuma nao waamke. Damu, alisema, haitaki kuchacha, na haitaki kuwa kali kama magadi. Inataka kusimama mahali pamoja, upande wa magadi kidogo sana, na ikisogea tu kutoka hapo moyo unaanza kukosea mapigo na akili inapotea. Kwa hiyo mwili umeweka walinzi. Wa kwanza yumo ndani ya damu yenyewe, chumvi iitwayo baikaboneti, ambayo tindikali ikitokea tu inaidaka. Wa pili ni mapafu, yanayoitoa nje kwa pumzi. Wa tatu ni figo, mzito wa kuanza kazi, anayechukua saa na siku, lakini ndiye anayekwenda kuitupa isirudi, na juu ya hapo anairudishia damu ile chumvi iliyotumika.

"Fikirini jikoni kwa mama," alisema. "Kaa la moto limeruka. Kuna wa kulidaka kwa mkono, kuna wa kufungua dirisha moshi utoke, na kuna wa kuzoa majivu kuyapeleka nje. Akikosekana mmoja, wawili wanaelemewa."

Kisha akafungua mkoba akatoa kikombe cha udongo chenye kifuniko. Kilikuwa na mkojo wake wa asubuhi ile. Wasichana tukaguna, wengine wakafunika pua kwa kola. Hakuharakisha. Alitumbukiza karatasi ya litmasi ya buluu, akaitoa ikiwa nyekundu, akainyanyua juu inadondoka.

"Mnakunja nyuso za nini? Hiki kimetoka ili mimi nibaki. Mkojo ukiwa na tindikali, ishukuruni figo. Tindikali ya kikombeni haimo tena kwenye damu."

Saa ya mapumziko nilipeleka madaftari ofisini nikamkuta anakunywa chai. Kikombe kilikuwa kile kile. Alikuwa amekisuuza bombani, matone bado yanateremka kwa nje, na mwenye kikombe, mwalimu wa historia, alikuwa amekaa kando yake hajui lolote. Aliona ninavyokitazama. "Maji yanatosha," aliniambia, akapiga funda.

Lakini somo lilinikaa. Nilipojibu usaili wa chuo cha uuguzi, mengi niliyosema yalikuwa maneno yake.

Na alikuwa na utu, sitamnyima. Kulikuwa na msichana mwenye pumu bwenini. Siku moja ilimbana wakati wa mvua kubwa, gari la shule halipo, na Mwalimu akamtia mgongoni akateremka naye njia ya mkato yenye utelezi mpaka hospitalini. Alianguka njiani, tuliliona tope kwenye magoti yake siku iliyofuata. Alikaa kando ya kitanda mpaka wazazi walipofika kutoka kijijini, na nilisikia alikuwa akimpumulia, yaani anavuta na kutoa pumzi polepole ili msichana amfuate. Hakuwahi kumchapa mwanafunzi. Kitu kimoja tu kilimtoa sauti, nacho ni kudanganya maabara. Jaribio likileta jibu tofauti na la kitabuni, wanafunzi wengi huandika la kitabuni. Yeye akigundua alikuwa anapiga meza kwa kiganja. "Andika ulichokiona! Kitabu hakikuwepo hapa, wewe ulikuwepo."

Hayo yote yalikuwa ya mtu mmoja. Nimejaribu kuyagawa, huyu wa zamani na huyu wa baadaye, kana kwamba kuna siku alibadilika. Siipati siku hiyo.

Alipostaafu alikaa nyumba yake ya matofali upande wa kwenda Kifungilo, akalima njegere na karoti. Mkewe alikuwa amefariki, watoto wako mbali. Nilikuwa nimeshaanza kazi wodini, na nilipopita kwake kumjulia hali nilimkuta akizungumza peke yake shambani, kwa sauti ya darasani, akizielekeza karoti. Sikuona ubaya. Mtu aliyezoea kusikilizwa na watoto arobaini hawezi kunyamaza kwa sababu tu serikali imemwambia apumzike.

Kisha ikaanza meza ya sokoni.

Nilisikia kwanza kwa wagonjwa. Mama mmoja wa shinikizo la damu aliniambia hamezi tena vidonge, kwa kuwa amepimwa sokoni na tatizo lake limejulikana: damu imechacha. "Na nimejionea kwa macho yangu," alisema, "karatasi imekuwa nyekundu kabisa."

Siku ya soko iliyofuata nilikwenda. Meza ilikuwa baina ya wauza peasi na wauza kabichi, imetandikwa kitambaa cheupe, na juu yake vikombe vya plastiki. Watu walipewa kikombe, wakaenda nyuma ya mabati, wakarudi nacho kina mvuke kwa baridi. Mwalimu alikipokea kwa mikono miwili kama anapokea sadaka. Alikinusa kwanza. Alikisogeza hasa puani, akafumba macho, akanusa kwa kirefu. Kisha akatumbukiza karatasi, na vidole vyake vikaingia nayo. Karatasi ikawa nyekundu, akamwonyesha mwenye mkojo na wote waliosimama.

"Unaona? Tindikali. Hii ndiyo inayokula magoti yako, ndiyo inayokukosesha usingizi."

Akafuta vidole kwenye sweta, akampa mkono wa pole, akapokea andazi kutoka kwa mwuza chai akalimega kwa vidole hivyo hivyo. 

Maji aliyowapa yalikuwa ya chemchemi, ameyapitisha kwenye majivu ya maganda ya ndizi, yanateleza mdomoni kama sabuni. Alisema yanaondoa tindikali mwilini. Mtu akanywa siku kadhaa, akarudi kupimwa, na karatasi ikabaki buluu. Watu walipiga vigelegele. Sikuwahi kumwona yeye akiyanywa.

Na hapa ndipo uchafu wenyewe ulipo, mkubwa kuliko ule wa vidole. Mkojo wa karibu kila mtu mzima huwa na tindikali kidogo, kwa sababu figo zake zinafanya kazi; ni yeye aliyenifundisha. Mtu akinywa maji ya majivu, figo zinaona magadi yamezidi, zinayatupa, na karatasi inabaki buluu. Damu yenyewe haikuwa imechacha mwanzo wala haikuponywa mwisho. Ilisimama pale pale, kwa sababu walinzi walikuwa kazini. Kila figo nzima katika wilaya ile ilikuwa inamtolea ushahidi wa uongo, naye alijua.

Nilisubiri watu wapungue. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu! Umenenepa. Hospitali wanawalisha."

Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mkojo wa mtu mzima si huwa hivyo?"

Alitabasamu, akainamisha uso karibu na wangu kama zamani. "Wanajisikia vizuri?"

"Wanasema hivyo."

"Basi," alisema, akageuka kumpokea mwingine.

Ningeweza kumaliza hapa na mtu akasema ni mzee aliyetafuta cha kumshughulisha. Maji ya majivu hayamwui mwenye goti bovu. Lakini wapo ambao tindikali inaweza kuwashinda walinzi wao wote, na mmoja wao alikuwa Eliza, binti wa shangazi yangu wa Mgwashi.

Eliza alikuwa na kisukari tangu utoto, kile cha sindano. Shangazi hana jokofu. Dawa ilikaa ndani ya chungu kilichofukiwa kwenye mchanga uliolowa, na binti alijichoma mwenyewe asubuhi na jioni bila kelele. Alikuwa amemaliza shule, anajifunza kushona. Shangazi, mwanamke wa kanisani, mchapakazi, alichoka kumwona binti yake akijitoboa. Akateremka naye siku ya soko kwa Mwalimu, kwa sababu alikuwa mwalimu. Asingempeleka kwa mganga wa kienyeji, angeona aibu mbele ya mchungaji.

Walimleta hospitalini mchana, kwenye kiti cha nyuma cha gari la kubeba kabichi. Mimi nilikuwa mapokezi. Nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa anahema pumzi ndefu, nzito, za haraka, bila kupumzika, kama mtu anayepanda mlima na gunia, ilhali amelala. Na harufu: plamsi zilizovunda chini ya mti, tamu, chachu, zenye nzi. Muuguzi akishaisikia harufu ile mara moja hahitaji kuambiwa.

"Sindano amechoma lini?" nilimwuliza shangazi.

Akainamia kikapu chake.

"Shangazi! Lini?"

"Tulikuwa tumeipumzisha, mwanangu. Mwalimu alisema dawa hizi za sindano nazo zinachachusha. Alisema aanze maji kwanza."

Bila insulini, sukari inabaki kwenye damu haiingii inakotakiwa. Mwili unaona njaa, unaanza kuchoma mafuta, na mafuta yakichomwa hivyo yanaacha tindikali nyingi. Baikaboneti inadaka mpaka inaisha. Figo zinazidiwa, na mkojo mwingi wa sukari umeshakausha mwili. Yanabaki mapafu, yanafungua dirisha kwa nguvu zote, yatoe angalau ile hewa chafu. Kuhema kule kulikuwa ni hicho tu. Nilikuwa nasikia somo lake lote likipumuliwa na mtoto wa shangazi yangu.

Damu yake, safari hii, ilikuwa na tindikali kweli.

Nilipomwinua tumvue koti alinitapikia kifuani. Yalikuwa maji matupu, ya kijivu, yananuka majivu na sabuni, na punje nyeusi za maganda zilibaki kwenye vifungo vya sare yangu. Shangazi alikuwa amemnywesha chupa nzima njiani. Nyingine alikuwa nayo kwenye kikapu, na wakati sisi tunatafuta mshipa uliokauka, yeye aliifungua akanisogelea. "Mpe na hii kidogo, imsaidie."

Nilimnyang'anya. 

Daktari alikuwa kijana, mpya kwetu, na alifanya kazi vizuri. Maji ya dripu kwanza, mengi, kisha insulini polepole, tukipima na kupima tena. Hakumpa dawa ya kuua tindikali. Alisema insulini ikifika mwili utaacha kuitengeneza wenyewe. Ikawa hivyo. Kuhema kulipungua taratibu, na kesho yake asubuhi Eliza alifumbua macho, akatazama dari, akauliza mashine anayojifunzia kushona imefunikwa au imeachwa wazi kwenye vumbi. Nilikwenda chooni nikalia.

Siku aliyoanza kukaa kitandani, Mwalimu akaja kumwona. Alikuja na mkungu wa ndizi, amevaa sweta lake, wagonjwa wengi wakainuka kumwamkia. Shangazi alimpokea kwa Kishambaa, "Hongea, Mwalimu, hongea sana," akimshukuru, akishika mikono yake yote miwili. Naye akaigeukia wodi nzima, kwa sauti ya darasani:

"Mnaona? Maji ndiyo yaliyomshikilia mpaka akafika hospitali."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Shangazi akafuta machozi.

Nikamwomba tutoke. Kwenye ujia, karibu na chumba cha vyombo, nilimwuliza, "Ulijua kwamba ana kisukari cha sindano?"

"Mama yake aliniambia."

"Na ukamwambia aache."

"Sikumwambia aache. Nilimwambia apumzishe."

"Mwalimu, wewe unajua kinachotokea. Ulitufundisha! Ulijua mafuta yanakuwa nini, ulijua anaweza kufa."

Hakukasirika. Alitazama kandokando kwanza kuona kama kuna anayetusikia, na kitendo hicho kilinichukiza kuliko maneno yaliyofuata.

"Nimefundisha ukweli maisha yangu yote," alisema. "Unajua wangapi waliushika? Wewe, na labda wengine wawili. Waliobaki waliandika, wakafanya mtihani, wakasahau kabla ya Krismasi. Nilikuwa nikiongea, wanatazama dirishani. Sasa natamka neno moja, mtu anatoka Bumbuli kwa miguu kuja kulisikia. Ananishika mkono. Ananiita mwokozi wake. Usiniambie usingependa."

"Binti angekufa."

"Hakufa," alisema, na akanipigapiga begani, taratibu, kama unavyompigapiga mtoto aliyekosa hesabu. "Mmefanya kazi nzuri."

Bega lile niliona kama limemwagiwa kitu. Nilirudi wodini nikabadili sare, ingawa haikuwa na doa.

Tulimripoti, mimi na daktari. Mganga mkuu alimwita akamwonya, afisa afya akaenda sokoni, meza ikaondolewa mbele ya watu. Wauza peasi walimzomea afisa afya. Juma halikuisha, njia ya kwenda nyumbani kwa Mwalimu ikawa imejaa wanawake na madumu. Mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu, aliniambia niache kumwandama mtu aliyetusomesha. Nilimwuliza kama amepimwa. Akasema amepimwa, karatasi ilikuwa nyekundu, na sasa ni buluu.

Eliza anaendelea vizuri. Nilikaa naye kwangu mpaka alipopata nguvu, na leo ana cherehani yake mwenyewe na hakosi sindano. Mama yake hamtaji Mwalimu mbele yangu, lakini nikienda Mgwashi naziona chupa uvunguni mwa kitanda, zimepangwa vizuri, zimefutwa vumbi.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa Mombo, mwaka huu. Nilikuwa nimeteremka kumpokea mgeni, na basi lake likachelewa. Joto la kule chini, kwa sisi wa milimani, ni kama kufunikwa blanketi lililolowa. Pale mabasi yanaposimama, wauzaji wanakimbilia madirisha na vitunguu na machungwa, niliona mwavuli mkubwa na watu wameuzunguka. Sauti niliitambua kabla sijafika.

Amezeeka, lakini amependeza. Amevaa koti jeupe. Meza sasa ni ndefu, chupa zina vibandiko vya rangi na picha ya mlima. Vikombe vya mkojo vilikuwa pale pale kando ya chupa za kunywa, baadhi havijamwagwa, inzi wanatembea ukingoni mwa kimoja na kuhamia kwenye kizibo cha chupa. Abiria walikuwa wakipimwa haraka haraka basi lisiwaache. Mwanamke mmoja alikuwa amembeba mtoto mchanga, akisubiri zamu.

Aliniona. "Mwanangu! Njoo kivulini. Eliza hajambo?"

Kwamba alilikumbuka jina lake ndicho kilichonifungua mdomo. Sikumwamkia. Nilisimama mbele ya meza nikawageukia watu, nikasema kwa sauti mimi ni muuguzi kutoka Lushoto na nawaomba wanisikilize kidogo. 

Nikawaeleza. Nikasema mkojo wa mtu mzima huigeuza karatasi ile kuwa nyekundu kwa sababu figo zinatoa tindikali nje, na hiyo ni dalili ya afya. Nikasema ukinywa maji ya majivu figo zinayatupa, karatasi inakuwa buluu, na damu haikubadilika. Nikawaambia mapafu yanafanya nini, nikawaambia wazibe pua wajionee. Kuna walioziba. Nikasema mwenye kisukari akiacha sindano kwa ajili ya chupa hizi atahema mpaka afe, na nimemshika kwa mikono yangu aliyekaribia. Nilisema vizuri. Sijawahi kusema vizuri namna ile, maneno yalikuja yenyewe, moja likilivuta jingine, na watu walinitazama usoni, hata dereva wa basi alizima injini.

Mwalimu hakunikatiza hata mara moja. Alisikiliza ameinamisha kichwa, ananiitikia taratibu, macho yamemlowa. Nikamaliza. Mzee mmoja aliirudisha chupa yake mezani akaenda zake. Mmoja.

Kisha Mwalimu akaanza kupiga makofi.

"Mmesikia?" aliwaambia, sauti inatetemeka kwa furaha ya kweli, nadhani ilikuwa ya kweli. "Mmesikia anavyoijua damu? Mapafu, figo, yote! Huyu nilimfundisha mimi. Mimi hapa!"

Watu wakapiga makofi naye. Wakasukumana kusogea mezani, mikono ikapita kushoto na kulia kwangu kuzifikia chupa, jasho lao likanipaka mabegani, na kikombe kimoja kikapinduka kikamwagikia viatu vyangu, vuguvugu, mpaka kwenye soksi. Nilishindwa kutoka. Nilikuwa nimebanwa kati ya meza na watu.

Yule mwenye mtoto mchanga akanigusa mkono.

"Samahani, dada muuguzi. Kwa mtoto mdogo hivi, wanampa kiasi gani?"

"Usimpe," nilimwambia. "Hata tone. Mnyonyeshe tu."

Akaniambia ahsante, kwa adabu kabisa, akamweka mtoto vizuri begani, kisha akageuka akamwuliza Mwalimu.